Nilinyimwa Viza ya Ulaya, Nikavuka Mpaka na Kipande

Wasee, wacha nianze na aibu yangu ndiyo tuimalize mapema.

Mwaka jana nilialikwa Ulaya. Si mchezo. Kuna tamasha la vijana wanaotengeneza video, na mtu huko alikuwa ameona ile video yangu ya wauza samaki wa Naivasha, akaipenda, akaniandikia. Tiketi wangelipa wao. Kulala na kula juu yao. Kazi yangu ilikuwa kutafuta viza tu.

Hiyo "tu" ndiyo ilinimaliza. Nililipa yuro 90, ndiyo bei ya viza ya Schengen tangu Juni 2024. Kwa pesa zetu ni zaidi ya elfu kumi na mbili, na ukikatazwa hairudi. Nikabeba karatasi za benki, karatasi za M-Pesa za miezi sita, barua ya mwaliko, cheti cha kuzaliwa, hadi barua ya mathe ikisema yeye ni mamangu na ananijua. Kwenye nafasi ya kazi nikaandika natengeneza video. Kwenye nafasi ya masomo nikakaa nikiangalia hiyo laini dakika kumi hivi, kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda familia, na sijawahi kujua hiyo inaandikwaje kwa fomu.

Jibu likakuja. Kwa ufupi, hawakuwa na uhakika kwamba nitarudi nyumbani.

Nilicheka kwanza, halafu nikaacha kucheka. Nisirudi kwani nitakuwa nimeenda kukaa na nani? Mathe ako Top Market hapa Nakuru kila siku kuanzia saa kumi na moja asubuhi, anauza vitunguu na nyanya. Vyombo vyangu viko Section 58. Hata deni langu liko hapa. Kevo, beshte yangu, akaniambia, "Usijali buda, si uende London tu." Alimaanisha London yetu, hii mtaa iko karibu na jalala la Giotto. Mbogi yote ikaanguka kwa kicheko. Mimi pia.

Lakini hiyo usiku nikaanza kusoma kuhusu hii Schengen. Nilitaka kujua ni nini hasa nimefungiwa nje yake. Na kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyozidi kujiuliza swali lingine: na sisi je? Hakuna mahali sisi tunaweza kwenda bila kubeba barua ya mama?

Kumbe kuko. Na wengi wenu mnaosoma hii hamjawahi kupatumia.

Kijiji kimoja na meli

Schengen ni kijiji kidogo Luxembourg, kwenye mto Moselle, pale Ufaransa na Ujerumani zinapokutana na hiyo nchi. Tarehe 14 Juni 1985 wakubwa wa nchi tano walipanda meli kwenye huo mto wakatia sahihi mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani mwao. Nchi tano peke yake. Leo ziko 29.

Sasa tunapenda kuongea kama wazungu walibonyeza kitufe, mipaka ikapotea. Hapana. Angalia Romania na Bulgaria. Ziliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007. Kufikia 2011 tume ya Ulaya yenyewe ilikuwa imesema ziko tayari kwa Schengen. Halafu wakasubiri. Kuingia kunahitaji kila mwanachama akubali, na kila mwaka kulikuwa na mmoja anakataa. Austria ilikuwa kati ya zile zilizokaza mwisho mwisho. Ukaguzi wa ndege na meli ukaondolewa Machi 2024. Wa barabara ukaisha Januari 1, 2025. Kutoka kuambiwa "mko sawa" hadi dereva wa lori kupita bila kusimamishwa: karibu miaka kumi na nne. Mtoto anazaliwa anaingia sekondari.

Na hata ukishaingia, mlango unaweza kurudishwa. Septemba 2024 Ujerumani, ambayo ni moja ya zile tano za kwanza, ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Kwa hivyo mtu akikwambia Ulaya haina mipaka, mwambie inategemea ni lini unauliza, na ni nani anauliza. Mimi niliuliza, nikajibiwa.

Sisemi hivi kwa wivu. Sawa, wivu kidogo uko. Lakini ninachotaka ushike ni kwamba kuingia eneo lisilo na mipaka ni safari ndefu ya karatasi. Na sisi tumekuwa kwa hiyo safari kitambo kuliko wao.

Nakuru ilikuwa Uganda

Hii ilinishtua, na nimezaliwa hapa. Hadi mwaka 1902, Nakuru ilikuwa upande wa Uganda. Kweli kabisa. Wakati Waingereza wanajenga ile reli kutoka Mombasa, jimbo la mashariki la Uganda lilifika hadi Naivasha. Reli ilipita hapa ikielekea Kisumu, ambako ilifika Desemba 1901, na ndiyo maana iliitwa Reli ya Uganda ingawa karibu yote sasa iko Kenya. Mwaka uliofuata London, ile nyingine, ikaamua kulihamishia hilo jimbo upande wa Kenya. Watu hawakuhama na ziwa likabaki palepale. Mpaka ndio ulihama, ukawapita watu wakiwa wamekaa kwao.

Idi Amin aliikumbuka hiyo stori. Februari 1976 alisimama akasema sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, akitumia hiyo ramani ya zamani. Wakenya wakaandamana, Kenyatta akawaka, na Amin akarudi nyuma.

Babu yangu alikuwa akifanya kazi reli wakati huo. Hakuwa mtu mkubwa, alikuwa karani wa mizigo hapa stesheni ya Nakuru. Lakini mwajiri wake hakuwa Kenya. Alikuwa anafanyia Reli za Afrika Mashariki, shirika moja la nchi tatu. Ile Jumuiya ya kwanza, ya mkataba wa 1967, ilikuwa na reli moja, posta moja, ndege moja. Babu alikuwa na marafiki Tororo ambao aliwaongelea kama mtu anavyoongelea majirani wa Lanet. Halafu 1977 Jumuiya ikavunjika. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya na haukufunguliwa hadi 1983. Reli ikagawanywa vipande vitatu. Babu akaamka siku moja akiwa anafanyia kampuni nyingine, kwa meza ileile.

Kwa sanduku lake la bati bado kuna karatasi ya mshahara yenye jina la lile shirika la zamani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni pesa.

Sasa tuko wapi

Jumuiya ilirudi. Mkataba mpya ukatiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na zile nchi tatu za mwanzo. Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, na Somalia ikakamilisha Machi 2024. Tuko nchi nane. Kutoka Bahari Hindi hadi Atlantiki, kwa ramani.

Julai 2010 itifaki ya soko la pamoja ikaanza kufanya kazi. Hiyo ndiyo inasema mtu wa nchi mwanachama ana haki ya kuingia, kukaa, kutafuta kazi, kufungua biashara. Lakini soma kwa makini, kwa sababu mahali pa vitambulisho hakuna lazima. Nchi ambazo zimekubaliana kutumia vitambulisho kama hati ya kusafiria zinaweza kufanya hivyo. Zinaweza. Hilo neno moja ndilo limebeba mzigo wote.

Kenya, Uganda na Rwanda ndizo zilikubaliana. Tangu Januari 2014, Mkenya anaingia Uganda au Rwanda na kitambulisho chake cha kawaida. Kile kile unachoonyesha askari wa geti. Huhitaji pasipoti ya elfu saba na mia tano wala viza, na hakuna atakayekuuliza kama utarudi.

Tanzania bado inataka pasipoti au kibali cha muda. Na mwaka 2025 ikatoa amri inayokataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo: kutengeneza simu, saluni, kutuma pesa kwa simu, kuongoza watalii. Zile kazi hasa ambazo kijana wa rika letu angefanya akivuka mpaka. Wako na sababu zao, wanasema wanalinda vijana wao. Nimejiuliza kama ningekuwa kijana wa Arusha bila kazi ningesema nini. Pengine ningepiga makofi.

Na kabla tunyooshe kidole, na sisi tujiangalie. Januari 2025 Kenya iliamua Waafrika karibu wote waingie hapa bila ule usajili wa mtandaoni na ada yake. Wawili wakabaki nje: Libya na Somalia. Somalia, mwanachama mwenzetu wa Jumuiya. Tuliwakaribisha nyumbani halafu tukawaambia wapige hodi zaidi ya mtu wa Ghana. Sababu iliyotolewa ni usalama, na mimi sisahau Westgate wala Garissa. Lakini kijana wa Mogadishu mwenye kamera kama yangu naye anajibiwa hivyo hivyo nilivyojibiwa mimi: hatuna uhakika na wewe.

Basi la usiku

Basi mbogi ikaamua. Kama Ulaya imekataa, tunaenda Jinja. Tuone mto Nile unavyoanza, tupige video, tule roleksi, turudi. Watu wanne: mimi, Kevo, Shiro na Musa.

Musa lazima nikueleze. Zile video zangu mnazopenda, mimi nashika kamera na kuongea. Anayezikata, anayeweka muziki, anayejua sekunde gani mtu atachoka akapita, ni Musa. Ana miaka 22. Anaishi Bondeni, amezaliwa Bondeni, nyanyake amezaliwa Bondeni. Wao ni Wanubi. Wazee wao waliletwa huku na jeshi la Waingereza kutoka Sudan zaidi ya miaka mia iliyopita, wakabaki, wakajenga.

Musa aliomba kitambulisho akiwa na miaka 18, wiki moja na mimi. Changu kilitoka. Yeye aliambiwa alete karatasi za baba. Akaleta. Akaambiwa za babu. Akaleta zilizokuwepo. Akaambiwa kuna kamati ya wazee atakaa mbele yake, waamue kama ni Mkenya. Akakaa. Akaulizwa maswali ya ukoo ambayo mimi sikuulizwa hata moja. Akapewa kikaratasi cha kusubiri. Kila akirudi hiyo ofisi, anaambiwa bado. Kikaratasi chenyewe sasa kimefifia, amekitia ndani ya plastiki.

Sikuwa nimewaza hayo tulipopanga safari. Aki, sikuwaza. Mimi nilikuwa nimejaa uchungu wa yuro zangu 90. Ni Shiro aliuliza tukiwa kwa kibanda cha chapo, "Musa, yako ilitoka?" Akasema, "Ile ya Uganda inataka kipande, sivyo?" Kimya. Akachukua simu akaanza kuangalia hali ya hewa ya Jinja kama mtu anayeenda.

Alikuja stejini hiyo usiku. Alinibebea tripodi. Akamwambia Kevo asisahau betri ya ziada, akaniambia nisipige kila kitu huku natembea kwa sababu yeye ndiye atatapika akikata. Basi lilipotoka alikuwa amesimama karibu na mama wa mayai ya kuchemsha, mikono kwa mifuko.

Njia unaijua. Salgaa, malori yamelala pembeni. Mau Summit. Timboroa, baridi inaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Eldoret usiku wa manane, halafu Webuye, Bungoma, na kukianza kupambazuka tuko Malaba.

Nilitarajia drama. Hakukuwa. Pale kuna kituo kimoja cha pamoja: ukitoka Kenya unapita upande wa Uganda, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, wa Kenya wanakutoa na wa Uganda anakuingiza. Badala ya foleni mbili ni moja. Ofisa akaangalia kitambulisho, akaniangalia, akauliza naenda wapi na kufanya nini. Nikasema Jinja, kupiga video. Akasema, "Nyinyi Wakenya na video." Basi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba, usije ukasema sikukwambia. Nje watu wa kubadilisha pesa na noti kwa kiganja, boda zinapiga honi, na malori yamejipanga kama shanga hadi macho yanachoka.

Nilisimama hapo nikiwa nimeshika kile kikadi. Sikuwa nimeandika barua yoyote. Hakuna aliyeuliza kama nilimaliza chuo. Sitasema nililia, lakini Shiro atasema.

Vitunguu vya mathe

Tukiwa Jinja nilipigia mathe. Nikamwambia mambo ya mpaka, vile ni rahisi. Akanicheka. "Kwani wewe ndiyo unajua leo? Vitunguu vyangu vinatoka Tanzania kila wiki."

Ni kweli. Vitunguu vingi unavyoona soko za Nakuru vimetoka Tanzania. Mayai ya Uganda yapo, mahindi ya Uganda yapo. Mathe hana pasipoti. Hajawahi kufika Namanga. Lakini kila asubuhi anafungua gunia lililovuka mpaka, na akisikia redioni kwamba mawaziri wamezozana anajua bei itapanda kabla wanauchumi hawajakaa kwa meza. Anakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania ghafla kwa sababu ya sumu ya kuvu, halafu siku chache baadaye ikafungua tena kwa masharti. "Hao wakubwa wakikohoa," anasema, "mimi ndiye huumwa kifua."

Na si sisi peke yetu tumeona hivyo. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa Januari 2022. Miaka mitatu, kwa nchi mbili zenye mkataba wa kutembeleana kwa kitambulisho. Januari 2024 Burundi ikafunga wake na Rwanda. Karatasi zote za Arusha zilikuwepo wakati huo. Sahihi zote zilikuwepo.

Kadi moja, maisha matatu

Kwenye basi la kurudi sikulala. Nilikuwa nafikiria kile kikadi.

Kenya tunakiita kipande. Wengi hatujui kwa nini. Waingereza walitunga sheria mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu abebe karatasi ya usajili, ndani ya kikopo cha chuma, aning'inize shingoni. Ndani yake kuna alama za vidole na jina la mwajiri. Hapa kwetu, Njoro, Molo, Subukia, mashamba yote ya walowezi, bila mwajiri kutia sahihi kwamba amekuachilia, ukiondoka ni kosa la jela. Kipande kilikuwa cha kukuzuia usitembee.

Hayo ni maisha yake ya kwanza. Ya pili mathe ndiye alinisimulia, mara moja tu. Januari 2008, hapa Nakuru. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Anasema kwenye vizuizi vya barabara vijana walisimamisha magari wakaitisha vitambulisho. Hawakutaka kujua kama ni Mkenya, hilo walijua. Walitaka kusoma jina la ukoo. Sitaandika sisi ni kabila gani, kwa sababu utaanza kuhesabu uko upande gani wa hii stori, na kila upande ulikuwa na kizuizi chake. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na mpaka Nakuru, kati ya mtaa na mtaa, na kilichopimwa hapo ni hiki hiki kikadi.

Ya tatu ni Malaba asubuhi, ofisa anasema nyinyi Wakenya na video.

Kwa hivyo msiniambie kitambulisho ni kitambulisho tu. Ni kadi ileile. Kilichobadilika ni yule anayeishika upande wa pili na anachotaka kujua.

Mpaka wa Musa

Tulipofika Nakuru nilimpelekea Musa kadi za kamera. Siku mbili alikuwa anakata. Nikaenda kwake Bondeni jioni moja nikamkuta amesimamisha picha pale kwenye lile daraja jipya la Jinja, lile lenye nyaya. Akaniuliza, "Hayo maji ni ya kijani hivyo kweli ama umeongeza rangi?"

Nikamwambia ni kijani hivyo.

Akasema, "Sawa, nisiguse basi."

Nimetazamwa na watu wengi kwa hiyo video kuliko zote nimewahi kutoa. Komenti zimejaa "tupeleke pia." Aliyeitengeneza hajawahi kuvuka hata Busia, na siyo kwa sababu Uganda ilimkataa. Uganda hata haimjui. Amekwama kilomita nyingi kabla ya mpaka, kwenye benchi la ofisi mjini mwake.

Na jambo lenyewe si siri. Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kutowatambua kama raia tangu kuzaliwa. Wakati huo Musa alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Februari 2025, akiwa kaskazini mashariki, Rais alitangaza mwisho wa ule uchunguzi wa ziada wanaofanyiwa watu wa huko wakiomba vitambulisho. Musa alinitumia hiyo habari na neno moja tu: "Ngoja." Ninangoja naye.

Kuna itifaki nyingine ya Afrika nzima, ya watu kutembea huru, iliyopitishwa Addis Ababa Januari 2018. Inahitaji nchi 15 kuiridhia ndiyo ianze. Zilizoridhia zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Rwanda imo. Kenya haimo. Siku moja itapita, najua, hata Romania ilifika. Lakini nikisikia viongozi wakisema Afrika bila mipaka, swali langu ni dogo. Hiyo Afrika mtu ataingia nayo na nini mkononi? Kama jibu ni kitambulisho, basi anzeni na wale wenye vikaratasi kwa plastiki.

Maana eneo lisilo na mipaka halifaidi mtu ambaye nchi yake haijakubali kwamba yuko. Ulaya ilinikataa mimi kwa sababu haina uhakika nitarudi nyumbani. Musa amezuiwa kwa sababu nyumbani hawana uhakika kwamba ni kwao. Kati ya hizo mbili, yangu ni ya kuchekwa na Kevo. Ya Musa si ya kucheka.

Sasa, kwako wewe unayesoma.

Kama umefika 18 na bado hujaomba kitambulisho kwa sababu ya uvivu, amka kesho uende. Kuna mtu anakililia. Kama unacho, ujue umeshika hati ya kusafiria ya nchi tatu. Panda basi. Jinja ni usiku mmoja tu kutoka hapa. Kigali ni mbali zaidi lakini inafikika. Usingoje mpaka mtu wa Ulaya akualike ndiyo ujue wewe ni msafiri.

Na kama uko na beshte kama Musa, usimwache stejini kama nilivyomwacha. Nenda naye kwa hiyo ofisi. Kaa naye kwa benchi. Mimi nilianza kwenda naye mwezi uliopita, Jumanne. Wa kwanza alituambia bado. Wa pili aliuliza mimi ni nani kwake, nikasema ni mtu wa video. Akaangalia simu yangu, akaangalia kile kikaratasi, akasema turudi Jumanne ijayo na cheti cha kuzaliwa cha nyanyake.

Nyanya anasema kiko. Anatafuta kwa sanduku.